Mtaro umeziba, we chama gani?

Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, mara ya kwanza nimebanwa kwenye daladala natoka Posta, mara ya pili nyumbani na miwani yangu na chai, na mara ya pili ndo nikaona kumbe huniulizi kitu kimoja, unauliza vinne.

Nalifupisha ili na wengine waelewe tunaongelea nini. Una miaka 31, umepanga Mbagala, una diploma ya uhasibu ambayo haijawahi kukupa kazi, unauza nguo za watoto WhatsApp na Instagram. Marehemu baba alikua CCM damu, kadi yake ya TANU bado mnaitunza kwenye kopo la biskuti. Kaka yako ni CHADEMA, hataki kusikia kingine. We mwenyewe unasema kwenye malezi ni mtu wa zamani, hutaki mwanao alelewe na simu, kwenye biashara unataka serikali ikae mbali na miamala yako, alafu kwenye hospitali unataka serikali hiyo hiyo ikae karibu na dawa ziwepo. Hamna chama kinachosema vyote vitatu kwa mpigo. Masika mtaro uliziba, maji yakaingia ndani yakaondoka na nusu ya mzigo wako, ukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kulalamika, swali la kwanza kukuuliza "we chama gani?", ukasema sina, akacheka. Sasa unaniuliza: tatizo ni mimi?

Si wewe. Ila sitakuchagulia chama, hiyo kazi wapo wanaolipwa kuifanya, wengine mnawaita chawa.

Nianze na hilo la kutaka vitu vitatu ambavyo haviendi pamoja, maana umeliandika kama vile unaungama dhambi. Hamna dhambi hapo. Wenzetu wa Ulaya ndo walikua na vyama vya namna hiyo, kila kimoja na kifurushi chake. Uingereza chama cha Labour kilianzishwa mwaka 1900 na vyama vya wafanyakazi, yaani kwanza walikuwepo watu wa migodi na viwanda wamejikusanya, chama kikaja baadae kuwasemea bungeni. Leo ile migodi imefungwa, mtoto wa mchimba makaa anaendesha gari la kuleta vifurushi, anaangalia chama cha babu yake hakijui. Ufaransa mwaka 2017 vyama viwili vikubwa vilivyokua vinapokezana urais vyote viliachwa nje ya duru ya pili. Kwaiyo unacholalamikia wewe Mbagala kinalalamikiwa na Paris. Tofauti ni kwamba wao walikua na nyumba ikabomoka. Sisi nyumba yenyewe tuliijenga mara moja tu, alafu tukaihamisha tukiwa ndani.

Hapo ndo nataka nikae kidogo, nivumilie, nilifundisha haya mambo miaka mingi na ugonjwa haujapona.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 hapa hapa Dar, na ilikua na watu wachache sana wenye suti. Haikua na hela wala redio. Kilichoifanya isambae ni kwamba ilienda pale watu walipokua wameshakaa tayari. Bibi Titi Mohamed alipoambiwa aingize wanawake hakufungua ofisi akasubiri watu waje wachukue fomu, alizifuata ngoma, vikundi vya lelemama, wanawake waliokua wanajuana, wana kiongozi wao, wanachangiana kwenye harusi na misiba. Akiongea na kiongozi wa kikundi amepata kikundi kizima. Upande mwingine kulikua na vyama vya wafanyakazi, shirikisho lao TFL likaundwa 1955 na Rashidi Kawawa ndani yake, na kule Kanda ya Ziwa wakulima wa pamba na ushirika wao. Hawa watu hawakuumbwa na TANU. TANU iliwakuta. Kwaiyo baba yako alipochukua ile kadi, alichukua kadi ya kitu kilichokuja kumbisha hodi pale alipokuwepo, kikiwa na watu anaowajua kwa majina.

Na usidhani wakati ule watu walikua wanafuata tu. Uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kile kimoja kilichobaki ni Mbulu, alishinda Herman Sarwatt, mgombea aliyesimama mwenyewe dhidi ya mgombea rasmi wa TANU. Watu wa Mbulu waliona chama kimewaletea mtu wasiyemtaka wakamchagua wanayemtaka, na nchi haikuanguka, mwaka uliofuata tukapata uhuru kama kawaida. Nalisema hili kwa sababu utasikia watu wanaongea kana kwamba mgombea binafsi ni wazo la wazungu lililoletwa juzi.

Sasa nini kilitokea. Kilichotokea ni kwamba chama kilikula wazazi waliokizaa. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, viongozi kadhaa wa wafanyakazi wakawekwa ndani, TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, ambayo ilikua chini ya chama na serikali. 1965 tukawa nchi ya chama kimoja kisheria. 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na vilirudishwa miaka ya themanini vikiwa vimeshazoea kuangalia juu badala ya kuangalia chini. Tarehe 5 Februari 1977 TANU na ASP ya Zanzibar zikaungana ikawa CCM, jembe na nyundo, mkulima na mfanyakazi. Nembo nzuri ile, mi naipenda hata leo kama mchoro. Ila wakati inachorwa yule mkulima na yule mfanyakazi walikua tayari hawana chombo chao wenyewe cha kusemea.

Mwaka 1991 Rais Mwinyi akaunda Tume ya Jaji Nyalali, ikazunguka nchi nzima kuuliza watu mnataka chama kimoja au vingi. Karibu 80 kwa 100 wakasema kimoja kinatosha. Tume ikapendekeza vingi, na wengi wanaikumbuka kwa hilo tu. Wanasahau kwamba tume hiyo hiyo ilitaja sheria 40 za kukandamiza ikasema zifutwe au zirekebishwe. Vyama vikaruhusiwa 1992, sheria nyingi zikabaki pale pale. Yaani tulifungua mlango wa mbele, madirisha tukayaacha na misumari yake. Kwa maoni yangu, na najua wenzangu wengine hawakubaliani nami, kosa kubwa la 1992 ni kwamba tuliruhusu vyama vingi lakini hatukuvirudisha vile vikundi. Chama kipya ukitaka kukisajili sheria ile ya 1992 ilitaka wanachama 200 kwenye kila mkoa, mikoa isiyopungua 10, miwili iwe Zanzibar, mmoja Unguja mmoja Pemba. Hesabu ya vichwa basi. Hakuna mahali inapouliza: hawa watu 200 wanafahamiana? Wanafanya nini pamoja wakitoka hapa?

Ndo maana vyama vyetu vingi, vikubwa na vidogo, ukivikwangua unakuta mwenyekiti. Mrema akitoka CCM kuingia NCCR-Mageuzi mwaka 1995 nchi nzima inamfuata, akihama NCCR inabaki gofu. Maalim Seif akitoka CUF kwenda ACT-Wazalendo mwaka 2019, "shusha tanga pandisha tanga", wafuasi wake wakabadilisha bendera za ofisi kwa siku chache tu. Lowassa kawa waziri mkuu wa CCM, Julai 2015 kawa mgombea wa CHADEMA iliyokua ikimpiga vita miaka yote, akapata karibu asilimia 40 ya kura, 2019 karudi CCM. Na wale wabunge na madiwani wa upinzani waliohama kwa mkupuo "kuunga mkono juhudi", unawakumbuka. Mi siwasemi kwa ubaya wote, kila mtu na sababu zake. Nakuonyesha tu kwamba kama kiongozi anaweza kuvuka uwanja mzima na hakuna mwanachama anayemuuliza ulituahidi nini, basi hao hawakua wanachama, walikua mashabiki. Simba na Yanga angalau mchezaji akihama unamzomea.

Alafu angalia ilani zao. Nimezisoma, ni kazi yangu, sikutakii wewe. Maji, barabara, afya, elimu, ajira kwa vijana. Zote. Ukifuta nembo huwezi kujua ipi ya nani, labda kwenye katiba mpya na muungano ndo wanatengana. Kwaiyo hata hilo lako la malezi, biashara na hospitali, hamna chama kilichokaa kikaamua kwamba kinakukataa. Hakijawahi kukufikiria.

Na hapa inaingia ile ishu ya mabadiliko uliyoiandika vizuri sana, kwamba "kila kitu kinabadilika kasoro hotuba". Sensa ya 1988 Dar ilikua na watu milioni 1.36. Sensa ya 2022 ni milioni 5.38. Mbagala ninayoikumbuka mimi ilikua mikorosho na minazi, unaenda kumsalimia shangazi unarudi na madafu. Mfumo wa chama kushuka mpaka chini, shina na balozi wa nyumba kumi, ulitengenezwa kwa watu wanaokaa. Mjomba wangu alikua balozi Magomeni. Alijua nani kazaa, nani ana mgeni asiyeeleweka, nani kagombana na mkewe, umbea kidogo na utawala kidogo, lakini mtaro ukiziba alijua pia, maana maji yalipita kwake. Sasa niambie, balozi wa leo atakujua vipi wewe? Unalipa kodi ya miezi sita sita, mwenye nyumba akipandisha unahamia Chamazi, ofisi yako ni simu, wateja wako wako Mwanza na Tunduma, mzigo unatuma kwa basi. Unafanya kazi saa kumi na nne kwa siku na kwenye daftari la mtaa umeandikwa mama wa nyumbani. Ule mfumo haukukutenga kwa makusudi, haukuoni. Una macho ya 1975.

(Na wapinzani wasicheke hapa, wao wengi hata hayo macho ya 1975 hawana. Ofisi ya kata inafunguliwa mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, bendera inapauka mpaka uchaguzi mwingine.)

Sasa utasema basi sawa mwalimu, kama vyama havinioni si tusimamishe mtu wetu tu asiye na chama. Hauwezi. Katiba ibara ya 39 kwa rais na ya 67 kwa mbunge zinataka mgombea awe mwanachama na apendekezwe na chama. Wakati huo huo ibara ya 20 inasema ni marufuku mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Soma hizo mbili pamoja uone kama hazigombani. Mchungaji Christopher Mtikila aliona zinagombana akaenda mahakamani. 1994 Jaji Lugakingira kule Dodoma akakubaliana nae, na mwaka huo huo Bunge likabadilisha Katiba kuufunga mlango. Akarudi, 2006 Mahakama Kuu Dar ikampa tena ushindi. 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni suala la kisiasa, Bunge ndo liamue. 2013 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, kwetu wenyewe, ikasema Tanzania imevunja haki zake. Mtikila akafariki kwa ajali ya gari 2015 bado kifungu kiko pale pale. Rasimu ya katiba mpya ya Jaji Warioba ya 2013 ilikiondoa, lakini mchakato wenyewe ulikwama, kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa na haijafanyika.

Kwaiyo yule mwenyekiti wako wa mtaa aliyekucheka, kisheria alikua sahihi kwa kitu kimoja: yeye mwenyewe asingekaa pale bila chama. Hapo ndo penyewe. Hii hisia yako ya kutokuwakilishwa watu wanaitibu kama homa, mara "vijana hawapendi siasa", mara "elimu ya uraia hakuna". Wakati chama ndo mlango pekee wa kuingia nyumbani, na funguo za mlango wanazo wajumbe wachache. 2020 nchi nzima ilikua inaimba "wajumbe sio watu" baada ya kura za maoni za ndani ya vyama, na nimewahi kukaa kwenye mkutano wa kura za maoni wa chama fulani, nisikitaje, nikaona bahasha zinapita chini ya viti kama sahani za pilau. Watu 300 au 400 wameamua mbunge wa watu laki tatu, kwa sababu jimbo lile chama kile kikisimamisha hata mgomba unashinda.

Ila nisikudanganye na upande wa pili. Mgombea binafsi sio panadol. Malawi wanao, uchaguzi wa 2019 walishinda wabunge binafsi 55 kati ya 193, chama kizima kile, na wengi wao wakajisogeza kwenye serikali kwa sababu bila kusogea jimbo halipati kitu. Uganda wanao pia kibao, na ukichunguza wengi ni watu wa NRM, chama tawala, walioangushwa kwenye mchujo wa chama wakaingia kwa dirisha. Mlango mwingine unasaidia, mi naunga mkono asilimia mia, lakini mtu akipita peke yake anafika ndani peke yake.

Umegusia Oktoba 29, 2025, kwa mstari mmoja, ukasema tangu siku ile hata kikao cha shule unaogopa kuongea. Sitaandika mengi. CHADEMA hawakuwepo kwenye karatasi ya kura, mwenyekiti wao alikua ndani kwa kesi ya uhaini, mgombea urais wa ACT aliondolewa, vijana wakaingia barabarani, intaneti ikazimwa, tukaambiwa tusitoke usiku, watu wakafa, alafu matokeo yakatangazwa ya zaidi ya asilimia 97. Nilikua nyumbani na wajukuu nasikia mabomu ya machozi. Nakuambia kitu kimoja tu kama mtu wa fani: wengi wa wale vijana hawakuvaa nguo za chama chochote. Wanaowatafuta nani kawatuma wanatumia tena yale macho ya 1975, wanatafuta balozi wa shina la maandamano. Na hofu yako ni halali, usione aibu, wala usiruhusu mtu aliye Ughaibuni mwenye bando la bure akuite muoga.

Sasa wapi watu wasio na chama wamewahi kusikika. Wapo. Julai 2021 ilipokuja tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala mmoja, ilipita kwenye Bunge ambalo karibu lote ni chama kimoja. Kuna mbunge aliyekwambia ukweli kwamba mama wa Mbagala anayepokea elfu thelathini ya wateja watano atakatwa mara ngapi? Ila watu walipiga kelele, na zaidi ya kelele wakaacha kutuma. Wakarudi kupeana hela mkononi na kwa makondakta wa mabasi. Septemba mwaka ule ule ikapunguzwa kwa asilimia 30, na miaka iliyofuata ikapungua tena. Hamna chama kilichoongoza hilo. Ni hesabu za kina mama kama wewe, kila mtu kwenye simu yake.

Mei 2023 Kariakoo. Wafanyabiashara wakafunga maduka, malalamiko kikosi kazi cha kodi kinawasumbua na usajili wa stoo, siku ya tatu Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, yuko Mnazi Mmoja amekaa anawasikiliza mmoja mmoja wanapanda jukwaani wanasema. Mle ndani kuna CCM, kuna CHADEMA, kuna wasio na kitu, kuna wakinga, wachaga, wapemba, wahaya. Hakuna aliyeulizwa we chama gani. Waliulizwa tatizo lenu nini. Na kile kikosi kazi kikapigwa stop. Juni 2024 wakafunga tena, maana hayakuisha, mambo haya hayaishi mara moja. Unaona tofauti yao na wewe pale kwa mwenyekiti? Sio kwamba wana hela tu, ingawa wanazo. Ni kwamba walikua wanafahamiana kabla ya tatizo. Wana jumuiya, wana viongozi wa mitaa ya maduka, mtu wa mtaa wa Aggrey anamjua mtu wa Narung'ombe. Ni lelemama ile ile, imevaa fulana.

Wewe umeandika katikati ya malalamiko, kama kitu kisicho na maana, kwamba upo kwenye kikoba cha wanawake 22, mnakutana Jumapili, mna miaka minne hamjawahi kudhulumiana. Mwanangu, hiyo ndo habari ya barua yako nzima na umeiweka kwenye mabano. Miaka minne bila kudhulumiana! Kuna vyama vyenye usajili wa kudumu haviwezi kusema hivyo. Wanasiasa wakija kwenu wanakuja na khanga na kilo ya sukari wakati wa kampeni, mnapokea mnapiga vigelegele mnaenda zenu. Je mmewahi hata siku moja kukaa kama kikoba mkaongelea mtaro? Nina hakika kati ya hao 22 kuna wasiopungua kumi maji yaliwaingilia.

Na ile mikopo ya halmashauri unaijua? Asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, mkopo hauna riba. Ilisimamishwa 2023 baada ya uchafu mwingi, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi kinasajiliwa kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, Temeke. Sheria haitaji kadi ya chama popote. Mtu akikuambia inatakiwa kadi mwambie akuandikie hilo kwenye karatasi na asaini, utaona anavyokumbuka ana kikao.

Kuhusu kura, umeniuliza kama kuharibu karatasi ni ujumbe. Ni ujumbe ambao hauna anwani. Inahesabiwa imeharibika, imechanganywa na ya bibi aliyetikisika mkono. Kukaa nyumbani nako, mwaka 2010 waliojitokeza walikua kama 43 kwa 100 ya walioandikishwa, unakumbuka kuna chama kilitetemeka? Mi sikumbuki. 2015 wakafika 67 kwa sababu kulikua na mechi kweli. Watu wanaenda uwanjani kukiwa na mechi. Kwaiyo sikusukumi ukapige, sikukatazi usipige, ila kura ya diwani ukiipata ya ushindani usiipuuze, diwani ndo anakaa kwenye kikao kinachogawa hizo hela za mitaro, na ni mtu unayeweza kukutana nae sokoni ukamshika shati.

Na kujiunga na chama ili ukibadilishe kutoka ndani? Inawezekana. Nina wanafunzi wangu wa zamani wamejaribu, kwenye vyama vya pande zote, wawili wamefika mbali na wengine wamechoka wamerudi kwenye ufugaji wa kuku. Nilichoona, waliofika hawakuingia mmoja mmoja. Aliyeingia na watu wake nyuma alisikilizwa, aliyeingia na shahada yake alipewa kazi ya kuandika risala.

Basi nirudi kwenye mtaro, maana naona ndo unaokuuma kuliko falsafa yangu yote. Yule mwenyekiti anachaguliwa, kwaiyo anawaza kadi. Lakini ofisi ile ile ina mtendaji wa mtaa, huyo ni mwajiriwa wa serikali, hana haki ya kukuuliza chama wala dini. Jumapili hii kabla hamjahesabu hela, chukueni nusu saa. Andikeni barua moja, ukurasa mmoja, mtaro gani, unaanzia wapi unaishia wapi, umeziba tangu lini, nyumba ngapi ziliingiliwa, thamani ya vitu kwa makadirio, picha mbili tatu mlizonazo kwenye simu zichapishwe. Msimtukane mtu. Msitaje chama. Wote 22 waweke majina na sahihi, asiyejua kuandika aweke dole gumba. Barua iende kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa mtendaji wa kata, kwa diwani, na kwa TARURA Temeke, wakala wa barabara za mijini na vijijini, maana mitaro mingi ya barabara iko kwao na mtaambiwa "sio yetu ni ya wale", sasa wale nao wawe nayo. Msimtume mmoja, nendeni watano, na mtoto mgongoni kama yupo.

Kadi ya baba iacheni kwenye kopo lake, msiichome wala msiiuze, siku hizi kuna watu wananunua.

Na ile nakala mnayobaki nayo hakikisheni imegongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, palepale mkiwa mmesimama, hata kama mtu wa masjala anasema muhuri umefungiwa kabatini na mwenye funguo kaenda kula. Msubirini ale.